Wikendi ya Vuli Mlimani Meru: Meru Ndogo, Kilele cha Ujamaa na Glavu za Kuazima

Nimerudi Dar wiki mbili sasa na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia bado ni mweusi. Ninaandika nikiwa na daftari langu dogo lililolowa pembeni, picha mia nne na kitu kwenye simu, na risiti nilizozibana kwa pini. Kabla ya kwenda nilitafuta sana simulizi ya Kiswahili kuhusu kupanda Mlima Meru, nikapata matangazo ya biashara na maneno ya wageni tu. Kilimanjaro unaandikwa kila siku. Meru, mlima wa pili kwa urefu nchini kwetu, watu huutaja kama mazoezi ya kwendea Kilimanjaro. Mimi sasa nimeupanda, na sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 2024 Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu, kwa hiyo ukiongeza Jumamosi na Jumapili unapata siku tatu mfululizo. Tuliomba ruhusa ya Ijumaa kazini, tukawa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mkewe. Wifi ndiye aliyelianzisha jambo hili. Ni mwalimu wa jiografia, na alisema amechoka kuwafundisha watoto volkano kwa mchoro wa ubaoni.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024: Dar es Salaam hadi Usa River

Tuliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa 12 asubuhi. Nauli ilikuwa 40,000 kila mmoja. Kutoka hapo mpaka Korogwe nililala, sina cha kusimulia. Korogwe tulinunua machungwa dirishani, mfuko mzima kwa 2,000, na ndiyo yaliyotuokoa mchana.

Tulipopita Mombo na kukaribia Hedaru, tairi la nyuma lilipasuka. Dereva alilidhibiti basi vizuri, hakuna aliyeumia, lakini jeki ikagoma kunyanyua. Tulishuka wote tukasimama kwenye kivuli cha mgunga mmoja, abiria hamsini na zaidi chini ya mti wenye majani haba, milima ya Upare mkono wa kulia na jua likiwaka juu yetu. Malori mawili yalipita. La tatu, lililobeba mahindi, lilisimama bila hata kupungiwa mkono. Dereva wake, mzee wa miaka kama sitini, alishuka na jeki yake, akavua shati, akalala chini ya basi la watu asiowajua. Alikaa nasi zaidi ya saa nzima. Abiria walipomchangia hela alikataa, akachukua machungwa matatu kutoka kwa wifi. "Leo kwenu, kesho kwangu," alisema, akaondoka zake.

Baada ya Moshi mawingu yaliufunika Kilimanjaro wote, hatukuona hata theluji. Lakini tulipopita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, jua likizama, Meru ulijitokeza mbele yetu mweusi tii. Ukiutazama kutoka upande huo unaona wazi kwamba mlima huu umekosa ubavu. Wifi alinishika bega akaanza somo pale pale ndani ya basi: takribani miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, kifusi kikasambaa kuelekea Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yamelala katika mabonde ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta wenye umbo la kwato ya farasi, na kilele kiko juu ya ukuta huo. Sisi tungetembea ukingoni mwake usiku. Niliutazama mpaka giza likaumeza.

Tulishuka Usa River saa 2 usiku. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa 25,000 kwa chumba, maji ya moto yapo. Jiko lilikuwa limeshafungwa, ila mama mwenye nyumba aliposikia tunapanda mlima kesho aliwasha mkaa upya na kutupashia mtori. Alikataa tulale na njaa. "Mlima hauendwi na tumbo tupu, wanangu." Tulikula bakuli mbili mbili.

Kama unatoka Dar au Moshi, shukia Usa River hapo hapo. Hakuna haja ya kwenda hadi Arusha mjini kisha urudi, kwani barabara ya kuingia hifadhini inachepuka huku.

Jumamosi, 12 Oktoba: Geti la Momella hadi Miriakamba (mita 2,514)

Gaidi wetu, yaani muongozaji, alitufuata saa 2 asubuhi na Noah iliyojaa mizigo, pamoja na msaidizi wake, mpishi na wagumu watano. Wagumu ndilo jina la wapagazi milimani kule, na nilijifunza haraka kwa nini. Tulikuwa tumelipa 450,000 kila mmoja, ndani yake zikiwamo ada za hifadhi, malazi, chakula na mishahara yao. Tipu ilikuwa pembeni. Begi la kulalia na koti zito tuliazima kwa gaidi, 20,000 kwa safari nzima.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaingizwa ndani yake. Ukishaingia, unapita uwanda wa nyasi wanaouita Serengeti Ndogo. Tuliona pundamilia, ngiri, na kundi la nyati limelala kama mawe meusi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kimya tangu Dar, lakini hapo alianza kuongea mfululizo.

Kwenye geti la Momella, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, tulikwama. Bei ya raia inahitaji uthibitisho wa uraia, na wifi alikuwa ameacha kitambulisho cha taifa kwenye mkoba mwingine nyumbani. Alikuwa na leseni ya udereva tu. Tulipiga simu Dar, jirani akaenda nyumbani kwao, akafunguliwa na dada wa kazi, akapiga picha ya kitambulisho mbele na nyuma na kuituma. Ilichukua saa moja na nusu. Afisa wa pale alituvumilia kwa upole sana, akampa wifi kiti na maji, na picha ilipofika alilinganisha na leseni akaturuhusu. Wewe beba kitambulisho chako halisi. Usitegemee upole wa mtu.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa bwana wa makamo mwenye bunduki begani na sauti ya chini. "Shikamoo afande," tulimwamkia. "Marahaba. Mtembee nyuma yangu, msitawanyike, na nikiinua mkono msimame." Meru hauendwi bila askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Tuliunganishwa na Wajerumani wawili, mume na mke, wakawa wenzetu mpaka mwisho.

Dakika ishirini tu baada ya kuvuka mto aliinua mkono. Kulia kwetu, kama hatua arobaini, alisimama nyati dume peke yake, pembe zimepakwa tope, anatutazama. Afande hakushusha bunduki begani. Alisimama tu, akimtazama. Nilisikia pumzi ya wifi nyuma ya shingo yangu. Baada ya muda ambao sikuupima, nyati akageuza kichwa akaendelea kula, nasi tukapita polepole. Baadaye afande alituambia kwamba dume aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa hana wenzake wa kumpa taarifa mapema, hivyo hushtuka akiwa karibu.

Tulichagua njia ndefu inayopitia mtini. Ni mtini mkubwa uliotanda juu ya njia na kufanya upinde, mizizi yake imeshuka pande mbili kama nguzo za mlango. Njia fupi ya moja kwa moja tuliiacha kwa ajili ya kushukia. Wifi aligusa kila mzizi. Msitu unaofuata umejaa mbega, wale weusi wenye vazi jeupe mgongoni, wanaruka kutoka mti hadi mti mikia ikipepea. Mitarakwa imening'iniza kuvumwani za kijani kama ndevu za mzee. Saa 8 mchana mvua ilitushukia, ya vuli kweli, nyepesi lakini haikatiki.

Tulifika Miriakamba saa 10 na nusu. Ni mabanda ya mbao yenye vitanda vya juu na chini, yamejengwa imara. Chai ya tangawizi na bisi vilikuwa mezani kabla sijavua viatu.

Jioni mvua ilikata na anga likasafishika upande wa kaskazini mashariki. Mpishi wetu, mzee wa Kimeru, alikuja kukusanya vikombe akasimama nasi kwenye reli ya mbao. Alinyoosha mkono kule bondeni. "Ile ni Engare Nanyuki. Bibi yangu alizaliwa pale na alifukuzwa pale." Akasimulia taratibu: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Wameru wakachanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma ile. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere naye hajakwenda kusimama mbele ya baraza la umoja huo huo. "Kesho kutwa ni siku ya Mwalimu," alisema mzee. "Mkifika juu, mkiangalia huku, mkumbukeni na Kirilo." Mdogo wangu, ambaye amesoma historia mpaka kidato cha sita, alisema kisa hiki alikisoma kwa mistari miwili tu, na hakujua kama bonde lenyewe linaonekana hivi.

Jumapili, 13 Oktoba: Miriakamba, Saddle (mita 3,570) na Meru Ndogo (mita 3,820)

Siku ya ngazi. Kuanzia Miriakamba njia ni mwinuko mkali wenye ngazi za mbao na udongo, mamia kwa mamia, na hazilingani urefu. Gaidi alitembea mbele kwa mwendo ambao mwanzoni niliuona wa kumsindikiza mgonjwa. Baada ya saa moja nilimwelewa. Tulipita Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, na hapo miti ikaanza kuwa mifupi na kupinda.

Mgumu mmoja kijana, mwenye kofia ya sufu ya Simba, alitupita na ndoo, mtungi wa gesi na begi langu, vyote kichwani na mgongoni, akiwa anaongea na simu. Nilimpa pole. Akasema, "Asante dada, nawe pole." Nikashika kasi kidogo kwa aibu, gaidi akanirudisha nyuma kwa neno moja: "Dada."

Saddle, kituo chetu cha pili cha kulala, tulifika saa 7 mchana. Supu ya maboga, chapati, ndizi. Kichwa kilianza kunigonga taratibu nyuma ya macho. Gaidi alituuliza kila mmoja maswali yale yale: unaumwa kichwa, umekula, umekojoa mara ngapi. Yajibu kwa ukweli. Juu ya mita 3,000 mwili unapata oksijeni kidogo, na anayeficha kichefuchefu ili asirudishwe anawaweka wenzake wote hatarini.

Saa 9 na nusu tuliondoka kwenda Meru Ndogo. Wengi wanakiruka kilele hiki ili wapumzike. Naomba usikiruke. Ni saa moja kupanda, nusu saa kushuka, na kazi yake ni kuupeleka mwili juu kidogo kisha kuulaza chini. Isitoshe ni kilele halali chenye cheti chake. Njiani mvua ya mawe ilitupiga, vipunje vidogo vinavyouma masikioni. Glavu zangu za pamba nilizonunua Kariakoo kwa 5,000 zililowa mpaka nikawa nazikamua kama nguo.

Juu hapakuwa na kitu ila ukungu. Tulisimama pale tukitetemeka, Mjerumani mume akasema turudi, na gaidi akasema tumpe dakika tano. Ilikuwa ya nne nadhani. Ukungu ulipasuka kama pazia lililovutwa na mtu, na ng'ambo yetu ukasimama ukuta mzima wa Meru, wa kijivu na wekundu, ukipanda mpaka ncha, na chini kabisa ndani ya shimo koni ya majivu, nyeusi, nadhifu, imekaa peke yake. Mlima huu ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Wifi alikaa chini kwenye mawe yaliyolowa. Hakusema neno. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. Kisha pazia likarudi.

Tuliporudi Saddle nilizianika glavu juu ya kamba nikijua hazitakauka. Jua lilizama, anga likawa wazi upande wa magharibi, na afande akatuita nje. "Mnaiona ile yenye mkia?" Juu ya upeo wa macho ilikuwepo nyota yenye mkia mrefu mweupe umeelekea juu, wazi kabisa kwa macho matupu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ilikuwa nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS, iliyopita karibu na dunia siku moja kabla. Tulisimama kumi na zaidi, wagumu, mpishi, Wajerumani, tukiitazama bila kusemezana.

Nilipokuwa naingia kulala yule kijana wa kofia ya Simba alinifuata. Alikuwa ameziona glavu kwenye kamba. Akatoa mfukoni glavu za sufu, za kijani na njano, zimefumwa kwa mkono, na kidole gumba cha kushoto kimetiwa kiraka cha uzi mwekundu. "Vaa hizi dada, mimi usiku silali nje, nabaki hapa." Nilimuuliza yeye atavaa nini kubeba mizigo asubuhi. "Jua litakuwa limetoka." Zilikuwa na harufu ya moshi wa kuni. Ziliniingia sawasawa.

Jumatatu, 14 Oktoba: Kilele cha Ujamaa (mita 4,566), kisha chini mpaka Momella

Tuliamshwa saa 6 usiku. Chai, biskuti, nguo zote nilizokuwa nazo. Saa 7 tukaanza. Mwezi ulikuwa bado upo, umevimba upande mmoja, na mwanga wake ulitosha kiasi kwamba hatukuwasha tochi zote.

Rhino Point tulifika saa 8 na robo. Hapo wifi alitapika. Akanywa maji, akatapika tena. Alikuwa anasema yuko sawa, ila maneno yalikuwa yanamtoka polepole na mguu wa kushoto hauendi anakotaka. Mdogo wangu alianza kumbembeleza ajikaze. Gaidi alimkatiza kwa heshima: "Kaka, huyu anashuka. Msaidizi atampeleka, na nusu saa tu chini atakuwa mtu mwingine." Mdogo wangu alitaka kushuka naye. Wifi akamshika koti. "Mimi ninacho kilele changu cha jana. Nenda ukanipigie picha ya lile shimo kutoka juu, nawadai watoto wangu darasani." Walikumbatiana, na tochi mbili zikarudi chini. Nilizifuata kwa macho mpaka zikapotea nyuma ya mwamba. Tulikuja kumkuta Saddle amekunywa uji na anacheka.

Baada ya Rhino Point kuna miamba ya kupita kwa mikono na miguu, kisha ukingo. Kushoto ni ukuta unaoporomoka mpaka ndani ya shimo. Mwezi ulizama kwenye saa 9, na nilichoona tangu hapo ni duara la tochi yangu, visigino vya gaidi na majivu yanayorudi nyuma nusu hatua kwa kila hatua unayopiga. Kulia, chini sana, taa za Arusha zilitokea. Upepo uliingia kila mahali isipokuwa ndani ya zile glavu.

Cobra Point, mita 4,350, saa 10 na dakika 45 alfajiri. Kutoka hapo unakiona kilele kama kiko karibu, nawe una saa moja na nusu mbele yako. Hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Nilihesabu hatua ishirini, nikapumua mara kumi, nikahesabu tena. Mara moja nilikaa bila kuambiwa, gaidi akaja akakaa kando yangu, akaniuliza nimezaliwa wapi, mama yangu anapika nini siku ya sikukuu. Nilimjibu. Nilipomaliza kumweleza pilau ya mama tulikuwa tumeshasimama na tunatembea. Sikumbuki kunyanyuka.

Tulikuwa kwenye mawe ya mwisho jua lilipochomoza, kulia kwa Kilimanjaro. Kilimanjaro wote ulikuwa wazi, kilomita kama sabini mbele yetu, umekaa juu ya bahari ya mawingu na theluji yake imegeuka rangi ya chungwa. Nilipogeuka upande wa pili, kivuli cha Meru kilikuwa kimelala juu ya nchi kuelekea Monduli, pembetatu kamili ya buluu, ndefu kupita kiasi.

Saa 12 na dakika 20 tuligusa kibao. Ramani nyingi wameandika Socialist Peak, na baadhi zinaweka mita 4,562. Sisi tulikiita Kilele cha Ujamaa. Ilikuwa miaka 25 kamili tangu Mwalimu afariki. Niliutazama Kilimanjaro, ambako usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika mwenge, kama Mwalimu alivyokuwa amesema utawekwa ili umulike nje ya mipaka yetu. Nikatafuta Engare Nanyuki. Ukungu ulikuwa umelijaza bonde, lakini nilijua iko wapi. Mdogo wangu alivua kofia. Tulisimama kimya, Wajerumani nao wakavua zao bila kuuliza. Kisha akampigia mkewe picha ya shimo, picha thelathini na moja.

Kushuka nako ni safari. Ni zaidi ya mita 3,000 kwa siku moja, na hapo ndipo ukucha wangu ulipoumia. Kutoka kileleni hadi Saddle nilishuka na viatu vilivyolegea, kila hatua kidole kinagonga mbele. Pale Saddle gaidi aliniona ninachechemea. Alipiga goti, akafungua kamba zote, akanambia nigonge kisigino chini mara tatu mpaka kikae nyuma kabisa ya kiatu. Akaacha kamba za vidoleni zikiwa na nafasi, akafika kwenye kifundo akavuta kwa nguvu, akazungusha mara mbili kabla ya kupitisha kwenye kulabu za juu, kisha akafunga fundo mara mbili. Mguu haukusogea tena mpaka Momella. Fanya hivi kabla ya kuanza kushuka, na ukate kucha siku mbili kabla ya safari.

Tulilala kwa muda wa saa moja Saddle, tukafika Miriakamba saa 7 mchana, na kwa njia fupi tukaingia getini saa 10 na robo jioni, twiga watatu wakitutazama. Kama unaweza kupata siku ya nne, ichukue, ulale tena Miriakamba. Siku tatu zinawezekana, ila magoti yatakudai.

Tipu tuliigawa hapo: 60,000 gaidi, 45,000 msaidizi, 40,000 mpishi, na 25,000 kila mgumu, tukampa kila mtu mkononi mwake. Vyeti vilitolewa. Wifi alipokea cha Meru Ndogo kwa mikono miwili, na afande akampigia makofi kuliko alivyotupigia sisi.

Jumanne, 15 Oktoba: kurudi

Basi la saa 12 kutoka Arusha lilitupitia Usa River. Hakuna tairi lililopasuka. Wifi alilala kwenye bega la mumewe mpaka Same.

Korogwe, nikitafuta hela ya machungwa kwenye mfuko wa koti, nilizikuta. Za kijani na njano, kiraka chekundu kwenye kidole gumba. Wakati wa kugawa tipu nilimkumbatia yule kijana na kumshukuru, na glavu zake zilikuwa mfukoni mwangu muda wote ule. Nilimpigia gaidi nikiwa pale pale stendi. Akacheka, akasema usijali dada, anazo nyingine. Nilimuuliza kama kweli anazo. Akanyamaza kidogo.

Alhamisi nilikwenda Mbezi na kifurushi: glavu zake zilizofuliwa, na jozi mpya za kuzuia maji, saizi niliyoikisia kwa mkono wangu kwa kuwa zake ziliniingia sawasawa. Kusafirisha kwa basi mpaka Usa River, 5,000. Ijumaa jioni simu ililia, namba ngeni.

"Dada, zimefika. Ila hizi mpya nimempa mama kwanza aziangalie ushonaji wake."